Siri ya Wakio Yasomwa Dukani

Wakio anaishi Wusi, katika bonde ambalo simu haishiki. Ukitaka mtandao, unapanda mlima hadi dukani kwa Harrison. Kwa hiyo bonde zima hutumia namba ya Harrison. Ujumbe wa mbolea huja kwake. Ujumbe wa shule huja kwake. Yeye huusoma kwa sauti, na aliyepo humpelekea asiyekuwepo. Ni desturi yao, na imewasaidia wengi.

Wakio hupika uji wa watoto wa chekechea. Mumewe, Mwandawiro, hulima kabichi na viazi; mtoto wao ni Griffin. Mwezi wa pili Wakio alianza kukohoa. Wiki tatu zilipita, kikohozi hakikuisha. Alikonda, akawa anatoka jasho usiku. Zahanati walimpima makohozi wakakuta TB.

"Inapona, mama," sista alimwambia. "Dawa ni bure. Utameza kila siku kwa miezi sita, usiruke hata siku moja."

Wakio alimeza. Alikaa nyumbani mpaka sista aliposema haambukizi tena. Ndipo akarudi jikoni.

Siku hizo akaja bwana mmoja wa mradi kutoka Voi, jina lake Alexander. Alileta kisanduku cha kuwekea dawa, chenye laini ya simu ndani.

"Ukikifungua, kinatujulisha kwamba umemeza," alisema. "Namba ya simu?"

Wakio akataja namba ya Harrison, kama afanyavyo siku zote.

"Haya, saini hapa."

Karatasi ilikuwa kurasa nne za Kiingereza. Alexander hakumsomea hata mstari mmoja. Wakio akasaini. Mimi nasema hivi: hiyo si idhini. Ni kumfunga mtu macho, kisha kumwambia ameona.

Siku ya nne, watu kama kumi walikuwa dukani wakisubiri mkate. Simu ikalia. Harrison akavaa miwani, akasoma kama kawaida yake:

"Wakio Mwandawiro, hujameza dawa zako za TB kwa siku tatu..."

Akaifunika simu kwa kiganja. Lakini maji yakimwagika hayazoleki.

Asubuhi iliyofuata, wazazi walifika jikoni shuleni. Mama mmoja alichukua kikombe cha mtoto wake, akamwaga uji chini mbele ya Wakio.

"Unawapikia watoto wetu na dawa unakataa!"

"Nimemeza! Nimemeza kila siku!"

Hakuna aliyemsikiza. Mwalimu mkuu akamwambia apumzike nyumbani kwanza.

Na Wakio alikuwa anasema kweli. Kila asubuhi alifungua kisanduku, akameza. Lakini kule bondeni mtandao haupo, kwa hiyo kisanduku hakikutuma chochote. Mashine ilishindwa kazi yake, lawama ikamwangukia mgonjwa. Inauma sana.

Jioni Wakio alikitupa kisanduku chini ya kitanda, na dawa zikiwa ndani.

"Simezi tena," alimwambia mumewe. "Kama kupona ni kuvuliwa nguo mbele ya watu, heri nibaki na kikohozi changu."

Siku mbili hakumeza. Mwandawiro akaingiwa na hofu. Akamwendea jirani yao Linet, mhudumu wa afya ya jamii. Linet alikuja mbio.

"Mama Griffin, dawa ni zako, kisanduku ni chao. Usizikasirikie dawa. TB ukiiacha njiani inarudi na nguvu, na dawa hizi zinaweza kushindwa kabisa."

"Na hicho kisanduku chao?"

"Una haki ya kukikataa. Dawa utapewa vilevile."

"Hata kama nilisaini?"

"Hata kama. Unaweza kubadilisha nia yako wakati wowote. Kenya tuna sheria ya kulinda data. Habari za ugonjwa wako ni zako. Anayezichukua lazima akueleze, kwa lugha unayoielewa, anazichukua kwa nini na nani ataziona."

Wakio aliinama, akakitoa kisanduku chini ya kitanda. Kisha akaomba maji, akameza.

Kesho yake walishuka pamoja hadi zahanati. Alexander alikuwepo.

"Lakini mama, namba ulitoa mwenyewe," alijitetea.

Mori ulimpanda Wakio.

"Uliniuliza namba. Uliniuliza simu ni ya nani? Uliniambia utaandika jina langu na ugonjwa wangu?"

"Mfumo ulionyesha hujameza."

"Mfumo wako uliona nini? Mimi ndiye niliyekuwa na kikombe cha maji mkononi! Mngemtuma hata mtu mmoja aje aniulize!"

Linet akamkabidhi Alexander barua ya malalamiko. Nakala, akamwambia, inakwenda kwa ofisi ya serikali inayolinda data.

Haikuchukua mwezi. Mradi ulirekebisha rekodi ya Wakio na kuomba radhi kwa maandishi. Ujumbe sasa husema tu, "Tafadhali wasiliana na zahanati," bila jina wala ugonjwa. Fomu ni ya Kiswahili, na asiyeelewa husomewa na kuelezwa kwa Kidawida, lugha ya huko. Anayekaa pasipo mtandao hutumia kadi ya karatasi, na Linet humtembelea.

Wakio alimruhusu sista azungumze na wazazi kuhusu TB, si kuhusu yeye. Wazazi waliuliza maswali mengi, wakajibiwa. Wakio akaitwa kazini. Harrison naye alikuja nyumbani.

"Shemeji, nilisoma kabla ya kufikiri."

"Nimekusamehe," Wakio alimjibu. "Ila bado inaniuma."

Siku hizi ujumbe wa zahanati Harrison hausomi. Humwita Linet, ambaye anajua ni wa nani.

Miezi sita ilipotimia, vipimo vilionyesha Wakio amepona. Alexander alikuwepo zahanati tena, mara hii na kamera.

"Hongera, mama. Naomba kukupiga picha ya ripoti yetu. Itaonwa na watu Voi na Nairobi. Ukikataa, hakuna neno. Unakubali?"

Wakio akatikisa kichwa.

"Hapana."

"Sawa, mama," alisema Alexander, akairudisha kamera mfukoni.