Mlio wa Pikapu ya Tata

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Joviana alifagia uwanja wa nyumba yao pale Kamachumu, akachota maji, kisha akaifuta vumbi pikapu ya Tata. Tangu baba yake huyo azikwe kwenye migomba nyuma ya nyumba, alifanya kazi zote bila kuhisi kitu, kama mguu uliokaliwa ukafa ganzi. Hata kulia hakulia. Shangazi zake walilia kwa niaba yake, nao walikuwa hodari: walilia vizuri, wakala vizuri zaidi.

Juma lile mama yake aliwasha gari kwa mara ya kwanza baada ya msiba. Liliwaka, lakini lilipokuwa limesimama tu huku injini ikinguruma, hali ambayo mafundi huiita sailensa, lilitoa mlio: ka-ka-ka-ka!

"Injini nayo imekufa," Mama alisema kwa sauti kavu. "Fundi akithibitisha, Jumamosi yule tajiri wa Muleba anayenunua magari mabovu atalichukua akalikate vipuri."

Joviana alisikia, akaendelea kumenya ndizi.

Ijumaa alifika mzee Byabato, fundi kutoka Bukoba, tumbo lake likimtangulia hatua mbili. Aliwasha gari. Ka-ka-ka-ka! Akakanyaga mafuta, mlio ukakoma. Akaachia, ukarudi.

"Waitu, jamani, ugonjwa gani huu unaopona ukifokewa?" akacheka. "Injini mbovu ingelia zaidi nikikanyaga. Hiki ni kitu kimelegea, kinatikiswa." Akafungua boneti, akaweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye injini na mpini sikioni. "Hapa kimya. Hapa kimya. Njoo nawe, binti, masikio yangu yana miaka sabini."

Joviana akasikiliza. Ndani ya chuma kulikuwa na mdundo mzito, tulivu, kama kifua cha Tata alipokuwa akikilalia utotoni. Injini ilikuwa nzima kabisa. Akamrudishia mzee bisibisi.

"Basi, mzee," alisema. "Ni kopo. Nililificha mimi."

Akaingiza mkono nyuma ya betri, akatoa kopo la bati lenye senene wa kukaanga, wa mwisho kuletwa na Tata. Msibani, alipoona sahani zinavyosafishwa, alilificha mahali ambapo hakuna shangazi angefungua. Lakini mdogo wake, Philbert, alichapwa kwa kudhaniwa amewala, naye Joviana akanyamaza. Siku gari lilipolia alijua ni kopo, akanyamaza tena.

Mama alilitazama kopo. "Ungeacha gari la baba yako likatwe?"

"Niliogopa, Mama."

"Mwombe mdogo wako msamaha. Kisha mpe kopo zima."

Joviana alimwomba. Philbert akalipokea, macho yamemtoka. "Wote wangu? Na zile fimbo nikurudishie?"

"Nirudishie."

Philbert akafikiri kama hakimu, kisha akampa senene mmoja. "Kula hii fimbo."

Mama akacheka, mara ya kwanza tangu msiba. "Tajiri wa Muleba atafute gari jingine," alisema.

Mzee Byabato aliwasha tena. Gari likanguruma taratibu, bila ka-ka-ka.

"Unaona, mwanangu," alisema akifuta mikono, "gari likifichwa kitu ndani, linapiga kelele mpaka watu wafungue boneti. Binadamu hana boneti. Lazima aseme mwenyewe, tena mapema, kabla mwingine hajachapwa."

Joviana alitafuna senene wake. Alikuwa na chumvi. Ndipo akalia, kwa sauti ambayo hata shangazi zake wangeionea wivu.