Kreni Isiyouliza Jina

"Korongo, unasikia? Kreni ya tisa inatembea yenyewe!"

"Naiona."

Mpelelezi Tak Hye-rin, ambaye redioni aliitwa Korongo, alishusha redio, akazidi kukimbia kati ya makontena ya bandari ya Busan, bastola ya K5 mkononi. Juu angani, kontena lililojaa silaha za magendo lilielea kuelekea meli ya kigeni. Ndani ya kibanda chake, dereva wa kreni alivuta breki bure.

Hye-rin alijua sababu.

Itifaki, ile lugha ya kompyuta iliyobeba amri za kreni zile, haikumuuliza mtu yeye ni nani. Yeyote aliyesema "inua", iliinua.

Udhaifu huo aliugundua mwenyewe, miaka mitatu nyuma. Mkurugenzi wa idara yao ya upelelezi, Maeng, akamwamuru alifungie faili lake kabatini, idara ije iutumie udhaifu huo yenyewe.

Akalifungia.

Wiki iliyopita magaidi wenye silaha hizo waliufanyia majaribio udhaifu uleule. Kontena likamwangukia kuli mmoja, Pyo Dong-su. Tangu mazishi yake, Hye-rin hakupata usingizi wa maana.

Gari la kuuza tambi lilisimama kando ya uzio. Antena juu ya paa.

Akafungua mlango kwa kishindo.

"Mikono juu, Gwak!"

Gwak, fundi wa kompyuta wa magaidi, alicheka, kompyuta mapajani. "Taratibu, dada. Mimi sijavunja mlango wa mtu. Haukuwa na kitasa!"

"Najua. Niliuona kabla yako."

Kidole cha Gwak kikabonyeza. Teke likamtupa chini, pingu zikalia. Lakini amri ilishaondoka.

Kontena lilikuwa likishuka kwa kasi. Chini yake, makuli sita.

Hye-rin aliivamia kompyuta. Maneno ya amri aliyakumbuka herufi kwa herufi. Akaandika: simama.

Kreni haikumuuliza jina na yeye.

Kontena likaganda mita mbili juu ya kofia zao.

"Safi sana," Maeng alisema redioni. "Sasa lile faili lirudi kabatini."

"Umechelewa, bosi. Asubuhi nimewatumia watengenezaji, na bandari zote nchini."

"Huna kazi tena!"

"Sawa, bosi."

Nyapara wa makuli akaja mbio na kahawa ya kopo. "Umetuokoa, binti! Shika, unywe. Pyo angekuwepo angekubeba mabegani!"

"Mzee, ubovu huu niliujua miaka mitatu. Nikanyamaza."

Mkono wenye kopo ukashuka polepole.

Hye-rin aliinama mbele yake kuomba radhi, hadi mgongo ukalala. Kisha akachomeka bastola kiunoni, akatoka getini kwa hatua za kawaida, bila kugeuka.