Mchanga Uliokaangwa Rongai

Mchanga ulianzia kwenye chupa ya chai. Wariara alimimina, kikombe kikajaa, na chini kikabaki kijiko kizima cha mchanga wa rangi ya kutu. Akampigia simu mwenye duka aliyemuuzia sukari, akamsema mpaka yule mtu akaapa kwa mama yake. Kesho yake mchanga ulikuwa ndani ya mto wa kulalia, halafu kwenye soksi za Abby, mtoto wao wa pekee, na kila ulipoonekana nyumba ilinuka chuma kilichoungua.

Gathogo, mumewe, aliijua harufu hiyo. Ilikuwa harufu ya breki. Alikuwa dereva wa treni ya mizigo, na alinyamaza kama aliyemeza mfupa.

Alikuwa na sababu. Watu wa magari hudhani treni husimama kama Probox: unakanyaga, unamshukuru Mungu. Haisimami hivyo. Dereva akivuta breki ya dharura magurudumu hukabwa, lakini chuma juu ya chuma huteleza tu, na mabehewa yanasukuma kutoka nyuma. Ndiyo maana injini hubeba masanduku ya mchanga, unaomwagwa kwenye reli mbele ya gurudumu ili lipate kushika. Na lazima uwe mkavu, la sivyo huganda kwenye bomba.

Mwezi ule stoo ya yadi ya treni haikuwa na mchanga. Gathogo na msaidizi wake, Kimeli, wakachota magunia mawili kwenye mto uliokauka karibu na Rongai. Mwanamke mzee aliyekuwa akichunga mbuzi aliwaambia wauache, una wenyewe.

"Mathe, mchanga una title deed?" Gathogo alimuuliza, na Kimeli akacheka.

Wakaukausha palepale, kama madereva wa zamani walivyofanya: bati juu ya mawe, moto chini, koleo la kugeuzia. Ulipopata moto ulitoa mlio mwembamba. Kimeli alisema ni unyevu unatoka, na Gathogo akakubali kwa sababu jibu hilo halikumsumbua. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini kwa bwana huyu guu lililotafutwa halikuwa lake.

Wiki ileile pikapu ilizimika kwenye kivuko cha reli. Gathogo alivuta breki, akabonyeza kitufe cha mchanga. Chini ya magurudumu vilipanda vilio vya watoto, wengi, na injini ikateleza kana kwamba reli zimepakwa mafuta. Mwenye pikapu aliwahi kuruka. Pikapu ilikunjwa kama karatasi ya mandazi.

"Boss, mimi siendi tena," Kimeli alinong'ona baadaye, akikusanya nguo zake. "Hiyo haikuwa chuma inalia. Hao ni watoto." Akarudi kwao, na simu yake ikazimwa.

Siku ambayo Gathogo hakuweza kunyamaza tena ilikuwa Jumapili mchana, mvua ikipiga mabati. Walitoka kanisani, Abby akatangulia jikoni, na waliposikia sauti ya mwiko ukikwaruza sufuria walidhani anacheza, mpaka walipofika mlangoni wakamkuta amechuchumaa mbele ya jiko ambalo hakuna aliyeliwasha, sufuria imejaa mchanga wa kutu, anaukaanga polepole, anaugeuza kwa ustadi wa mtu mzima, na macho aliyowainulia hayakuwa ya mtoto wa miaka saba wala ya mtu yeyote waliyewahi kumjua.

"Mliwakaanga wanangu mkicheka," alisema kwa sauti ya bibi kizee. "Huyu wenu nitamkaanga bila haraka."

Abby akaanguka. Mwili ulichemka. Pasta aliomba mpaka sauti ikakauka, na mtoto akamtemea mchanga usoni.

"Baba Abby, uliokota nini huko kazini?" Wariara aliuliza kwa sauti ya chini.

"Mchanga."

"Wa nani?"

Aibu ilimshika Gathogo, na woga kuliko aibu. Akachukua kofia yake akaenda mtaa wa Bondeni kumwita Mwalimu Shaffi wa madrasa, ambaye siku za nyuma yeye Gathogo alikuwa akimdharau na kumwita mganga wa hirizi.

Mwalimu alifukiza ubani, akasoma, akalilazimisha jini lililomwingia Abby liseme linataka nini. Lilitaka mchanga uliobaki urudishwe mtoni. Pia lilitaka Gathogo aape kwamba hatamwaga tena mchanga wowote chini ya gurudumu, kwa sababu kwake mchanga wote ni ukoo. Gathogo aliapa mkono juu ya kichwa cha mtoto.

"Ukivunja, usiniite," Mwalimu alimwambia mlangoni. "Halitasikia mara ya pili."

Magunia yalirudi mtoni. Abby aliamka akaomba chapati. Yadi ikaleta mchanga mwingine, safi, masanduku yakajazwa, na Gathogo akaendesha bila kukigusa kile kitufe, polepole hata wakubwa wakamuuliza kama amezeeka.

Kisha Jumamosi moja asubuhi, jua limetoka, alipinda kona kabla ya kivuko na kuona Probox nyeupe imezimika katikati ya reli, akaitambua kabla hajataka kuitambua, gari la Wariara la kuuzia mayai, trei zimejaa nyuma, Wariara nje ameinama kwenye mlango wa pili akivuta na kuvuta mkanda ambao haukuachia, na ndani yake Abby, na Gathogo akapiga honi, akavuta breki, akahisi magurudumu yakikabwa na kuteleza, kuteleza tu, mabehewa yakimsukuma kuelekea kwao, na kidole chake kikasimama juu ya kitufe kwa muda ambao atauchukia maisha yake yote.

Akabonyeza.

Injini iliuma reli. Ilisimama hatua moja kutoka kwenye mlango wa gari. Gathogo alishuka akikimbia. Mkanda ulikuwa umefunguka wenyewe. Wariara alikuwa amepiga magoti kwenye kokoto akimshukuru Mungu kwa Kikuyu, analia, hasikii kitu kingine. Abby alikuwa ameketi, ametulia, akimtazama baba yake anavyokuja.

"Uliapa," alimwambia, kwa sauti ile ya kizee.

Akamnyooshea mikono abebwe. Ilikuwa na joto la bati lililo motoni. Gathogo alimwinua, akamweka begani, akaanza kutembea naye kuelekea nyumbani, kwa sababu alikuwa mtoto wake na hakuwa na mwingine.