Kivuli cha Maandishi

Haya alinisimulia Vero, rafiki yangu niliyesoma naye kabla sijaacha shule. Anachapa ratiba za mazishi kwenye stesheneri moja mjini Rubwera, ambako runinga kubwa ya OLED ndiyo skrini ya kompyuta.

Mchana mmoja mvua ilipiga bati, umeme ukakatika. Kwenye weusi wa runinga yakabaki maandishi hafifu: Marehemu Anatolia Kaijage.

"Bosi, hilo ni jina la mama yangu. Nani ameliandika?"

"Hizi OLED huacha kivuli cha ulichochapa," bosi alijibu bila kumtazama.

Vero hakuwa amelichapa. Akampigia mama yake simu kijijini Ihembe.

"Shikamoo mama. Uko salama?"

"Marahaba. Niko salama, mwanangu. Ila majirani wanaingia uani na mikungu ya ndizi, kama wanaokuja msibani. Nawasalimu, hakuna anayeitikia."