Taa Chini ya Tepu Nyeusi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chiriku alifuta vioo vya gari la Baba. Hakuna aliyemtuma. Alichukua kitambaa na ndoo, akaanza na kioo cha mbele, akazunguka mpaka nyuma, huku akipiga soga na kuku, na jogoo, na hata ndoo yenyewe. Ndiyo maana akaitwa Chiriku. Mdomo wake ulikuwa haujui Jumapili.

Baba alilinunua gari lile likiwa karibu jipya. Aliliendesha miezi michache tu, kisha ugonjwa ukamchukua. Mwaka ulikuwa umepita, lakini ukifungua mlango, harufu yake ya sabuni na karafuu ilikuwa bado imekaa ndani, kana kwamba ameshuka sasa hivi kununua gazeti. Chiriku alikuwa akisema "Shikamoo, Baba" kabla ya kufungua, kwa sauti ya chini, wasije wakamcheka.

Kaka yake, ambaye sasa ndiye dereva wa familia, aliona aibu tupu. "Hili ni gari la wastaafu," alisema. Akakata springi ili lilale chini, akafunga matairi mapana, akabadilisha ekzosi. Siku Bibi aliposikia mngurumo ule kwa mara ya kwanza, aliuliza, "Nani katuletea mashine ya kusaga?"

Chiriku alicheka pamoja na wengine, hadi jioni moja Kaka alipompakia yeye na wenzake kutoka shule. Kila walipokata kona, chini ya miguu yake kitu kilikwaruza taratibu, kama kucha juu ya mlango. Kisha kwenye dashibodi ikawaka taa ya rangi ya chungwa.

"Kaka, hiyo taa ya nini?"

"Ya breki. Gari likibadilishwa, kompyuta yake inashangaa kidogo. Itazoea."

Haikuzoea. Kesho yake Kaka alikata kipande cha tepu nyeusi ya umeme, akakibandika juu ya taa, akakikandamiza kwa kidole gumba.

"Mama asijue," alisema. "Akijua, ataliuza. Unataka gari la Baba liuzwe?"

Chiriku alitikisa kichwa.

Baba alikuwa na tabia moja. Ukimdanganya hagombi. Anakutazama tu, kimya, mpaka maneno yanakukauka mdomoni. Taa ile ilimtazama Chiriku vivyo hivyo. Alipofuta kioo aliona tepu, na alijua chini yake iko macho. Darasani akifumba macho, aliiona ikiwaka gizani. Akaacha kusema shikamoo. Akaacha kuongea na kuku. Mama akamgusa paji la uso. "Huna homa. Nani kakuziba mdomo, mwanangu?"

"Hakuna, Mama."

Ikafika Jumamosi ya kwenda kumwona Mama Mkubwa, aliyekuwa mgonjwa ng'ambo ya mlima. Barabara ya huko inateremka kona baada ya kona, upande mmoja ukuta wa mawe, upande wa pili hewa tupu. Mama aliingia, Bibi akaingia, mizigo ikaingia. Gari likazama. Kaka alipozungusha usukani ili watoke uani, ikasikika ile kucha: krrr.

"Panda, Chiriku, tunachelewa!"

Chiriku alifungua mlango, harufu ya karafuu ikamjia usoni. Akahisi kuna mtu amegeuka kumtazama. Hakuna aliyegeuka. Mkono wake ulitetemeka, lakini aliupeleka mpaka kwenye dashibodi, akabandua tepu.

Taa ilikuwa inawaka.

"Mama, ni ya breki. Inawaka siku nyingi. Kaka aliiziba, na mimi nilijua. Tafadhali usiliuze gari, ila msiende nalo!"

"Mtoto huyu kapagawa!" Kaka alifoka. "Breki zinashika, tazama!"

"Mimi nashuka," alisema Bibi, akitafuta bakora yake. "Maisha yangu yote sijawahi kuruka mlima. Sianzi leo."

Mama alizima gari, akachomoa ufunguo, akaenda kumwita fundi wa gereji ya jirani.

Fundi alipiga jeki, akatoa tairi, akachuchumaa. Halafu akamwita Kaka. Tairi pana lilikuwa likisugua kila gari lilipojaa na kukata kona. Lilikuwa limekata waya, ndiyo maana taa iliwaka. Kando ya waya, mpira unaopitisha mafuta ya breki ulikuwa umelika mpaka nyuzi za ndani zinaonekana. Fundi aliuminya, likatoka tone la mafuta.

"Kwenye mteremko ule," alisema, "ungepasuka."

Kaka alilitazama tone lile. "Niliwapakia watoto wa watu," alinong'ona. "Walikuwa wanaimba kule nyuma." Akakaa chini vumbini.

Baadaye aliuliza, "Fundi, kwani gari haliboreshwi?"

"Linaboreshwa. Lifunge matairi mazuri ya saizi yake, pedi nzuri za breki, ulibadilishie mafuta kwa wakati. Lakini gari jipya limeshonwa kama suti. Waliolitengeneza walipima springi kwa tairi, tairi kwa breki, breki kwa uzito. Ukikata mguu mmoja wa suruali kwa fasheni, suti yote imeharibika. Watu wa mashindano hubadilisha vyote kwa vipimo. Na hawampakii bibi yao."

"Ahsante," alisema Bibi.

Springi mpya, matairi ya saizi yake na mpira mpya wa breki vikafungwa. Kaka mwenyewe alikwenda nyumbani kwa kila mtoto aliyempakia, akawaeleza wazazi wao ukweli, akarudi macho mekundu.

Chiriku alimkuta Mama kizingitini. "Utaliuza?"

"Siliuzi." Mama alimvuta karibu. "Lakini nisikilize. Siri inayoweza kumuumiza mtu usiitunze, hata ukitishwa kwamba utapoteza unachokipenda. Haimlindi mtu yeyote. Inakutafuna wewe kwanza, kisha inatafuta wengine."

"Nilidhani likiuzwa, Baba ataondoka."

Mama alilitazama gari pale uani.

"Gari ni bati na vioo, mwanangu. Mimi pia nilimtafuta mle, sikumpata. Leo, mkono wako ulipokuwa unatetemeka na bado ukabandua ile tepu, ndipo nilipomwona."