Kinachokula Betri ya Kaka

Kaka yangu alinunua gari kwa sababu moja tu: kumpeleka mama kliniki ya moyo. Lilikuwa kuukuu, limepita mikono ya watu, lakini injini ilikuwa nzima. Tulilipaki uani, chini ya dirisha la chumba cha mama, maana nafasi ilikuwa hapo tu.

Siku ya kliniki mama alikaa kiti cha mbele, mkoba mapajani. Kaka akazungusha ufunguo. Tk. Kimya.

"Betri hiyo," akasema kaka, akanunua mpya. Nayo ikafa. Aliichaji kutwa nzima, akipaki tu inakufa tena. Kaka ana hasira za karibu. Akapiga tairi teke, akanigombeza mimi kana kwamba ndimi ninayeacha taa zikiwaka. Mama akakosa kliniki mara ya pili, na daktari akatuonya tusirudie.

Tukamwita fundi umeme wa magari, mtu wa utani mwingi.

"Bosi, humu mna mgeni anayekula bila kukaribishwa," alisema akicheka.

Akafungua waya wa hasi, akaweka mita kati yake na betri. Gari lilikuwa limezimwa, lakini namba zikapanda. Akaanza kuchomoa fyuzi moja moja. Redio. Honi. Taa za ndani. Akazimaliza. Akafungua hadi nyaya za starta. Utani ukamwisha.

"Hakuna kilichobaki cha kula umeme," alinong'ona.

Namba zilipanda. Zikashuka. Zikapanda tena, taratibu, kama kifua cha mtu aliyelala.

Fundi alirudisha kila kitu mahali pake haraka haraka. "Mkipaki, fungueni huo waya wa hasi. Zaidi ya hapo msiniulize."

Tukafanya hivyo. Kesho yake betri ilikuwa imejaa, gari likawaka mara moja. Kaka alicheka peke yake uani. Nilienda kumwamsha mama tumuwahishe kliniki, nikamkuta hawezi hata kuinua mkono.

"Nimechoka, mwanangu," alisema. "Kama kuna mtu kanilalia kifuani."

Tulimbeba hadi garini, kaka akatupeleka kliniki. Wakampima wee, hawakuona jipya. Tukarudi, kaka akapaki, akafungua waya. Kufikia alasiri midomo ya mama ilikuwa imekauka na kubadilika rangi. Nikamvua nguo nimfute mwili.

Kwenye viwiko vya mikono yote miwili kulikuwa na unga. Mweupe, wenye ukijani. Ule ule unaoota kwenye vichwa vya betri. Niliufuta. Ukarudi huku natazama.

Nikatoka mbio. "Kaka, rudisha waya!"

"Ili betri ife tena? Umechanganyikiwa?"

Nikamwonyesha vidole vyangu. Aliviangalia, akachukua spana, akafunga waya. Hatujaingia ndani tukasikia sauti ya mama dirishani.

"Jamani, nyumba hii hakuna chai?"

Tulijaribu kuliondoa gari. Tulilisukuma kuelekea getini, na kabla halijatoka mama akaanguka sakafuni. Tukalirudisha. Sasa mama anaenda kliniki kwa teksi, maana gari likibaki mahali pake na betri ina chaji, hapatwi na lolote, na kaka ana betri mbili: moja ikiwa garini, nyingine iko kwenye chaja. Nimechoka na gari hili jamani. Haliendi popote, na linakula kuliko sisi sote.

Wiki iliyopita umeme ulikatika mtaa mzima, kutwa. Betri zote mbili zikaisha. Nilimshika kaka mkono nikamwuliza tutafanyaje. Akaniambia nikae na mama, yeye atajua la kufanya, akaenda kukaa ndani ya gari na kufunga mlango.

Mama alishinda vizuri. Aliimba hata, akisuka ukindu wake.

Umeme uliporudi, kaka akaingia ndani akishika ukuta. Joto lilikuwa la kuoka, lakini alikuwa amevaa shati la mikono mirefu, amefunga vifungo vyote. Nikamwambia akunje mikono nione.

"Usinichoshe, dada," alisema. "Weka betri kwenye chaja."

Kwenye kitasa alichoshika, unga ulibaki.