Kimya Kilichohesabiwa Ndiyo

Tin, tin, tin.

Gizani, kijiko kiligonga kikombe. Ilikuwa asubuhi, lakini kwao, kaskazini ya mbali, katikati ya majira ya baridi jua halichomozi kabisa. Risten alijua ni mumewe, Jovnna, yuko jikoni anakoroga kahawa isiyo na sukari.

"Baba Elle, hiyo kahawa imekukosea nini?"

Jovnna aliinuka, akachungulia dirishani, akakaa tena. Tin, tin.

Risten alijua kinachomla mumewe. Halmashauri ilitaka kupitisha njia ya pikipiki za theluji katikati ya bonde wanakozalia kulungu wao wa kufugwa, wale wa nchi za theluji. Kulungu jike akisikia injini, hukimbia. Akikimbia, ndama hubaki peke yake kwenye theluji. Na nyumba hii haina shamba wala duka. Ina kulungu tu.

Mlango ukafunguliwa kwa kishindo. Aliingia shangazi Gáddjá, jirani yao, mfanyakazi wa chama cha wafugaji. Hakuvua hata kofia.

"Jovnna! Halmashauri wanasema umekubali!"

"Mimi? Juzi nilinyamaza mkutano wao mzima! Hata biskuti zao sikugusa!"

Risten alicheka bila kupenda. Kwa Wasami, kabila lao, mtu akinyamaza hivyo amekataa, tena kwa adabu. Hata mtoto anajua.

"Wao hawajui," alisema Gáddjá. "Kwao asiyesema amekubali. Kimya chako wamekihesabu ndiyo."

"Basi, imekwisha," alisema Jovnna.

"Imekwishaje? Sheria ipo. Jambo likigusa ardhi yetu, lazima watuulize kabla ya kuamua, na watusikilize. Kutunywesha kahawa si kutusikiliza. Nitadai mkutano mwingine. Wewe dai mkalimani, useme Kisami chako. Sema hapana kwa mdomo, iandikwe. Kisha waonyeshe pengine pa kupita."

"Mimi si mtu wa maneno, shangazi."

"Mbwa wako unawahutubia kutwa," alisema Risten. "Wape na wale wa halmashauri kidogo."

Siku ya mkutano, Risten aliketi kando ya mumewe. Afisa wa halmashauri, Halvard, aliuliza, "Nani ana neno?"

Tin, tin, tin. Risten akamnyang'anya mumewe kijiko.

Jovnna akasimama. "Hapana," alisema kwa Kisami, na mkalimani akarudia. "Pale wanazaliwa ndama. Pitisheni njia ng'ambo ya mto, chini ya nyaya za umeme. Huko hawazalii."

"Mbona mara ya kwanza hukusema?" aliuliza Halvard.

"Nilisema sana. Wewe ndiye hukusikia."

Ukumbi ukaangua kicheko, Halvard naye akacheka. Lakini safari hii aliandika.

Wiki za kusubiri zilikuwa ndefu. Kila simu ilipolia, Risten alishtuka. Mwishowe jibu likaja: njia imehamishiwa ng'ambo ya mto. Tena, neno lolote kuhusu bonde lile, wafugaji wataitwa kwanza.

Mwezi wa Mei Risten na Jovnna walilala kifudifudi juu ya kilima, mtoto wao Elle katikati yao. Hakuna injini iliyosikika. Chini yao, jike alimlamba ndama aliyelowa. Ndama akajiinua, akaanguka. Akajiinua tena, miguu ikitetemeka. Jovnna alibana pumzi.

"Mama, amesimama," alisema Elle kwa sauti.